Masikio, kuchelewa kuongea, usonji au ADHD? Ulinganisho wa kumsaidia mzazi ajue aanzie wapi

Mtoto ana miaka miwili na nusu na haongei. Bibi anasema hata baba yake alichelewa, aachwe tu. Jirani anasema akatwe udata. Shangazi anaapa kwamba mtoto amebemendwa. Mwalimu wa chekechea amemvuta mama pembeni na kutaja usonji (autism). Mama mwenyewe ana ruhusa ya siku moja kazini na nauli ya safari moja ya mjini. Aende wapi kwanza?

Nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu, na swali hilo naulizwa kuliko jingine lolote. Hapa nitayapanga matatizo haya mawili mawili, kwa kuwa ndivyo yanavyowachanganya wazazi: hili linafanana na lile. Jina la tatizo atalitoa daktari. Ninachotaka ni ujue mlango wa kubisha kwanza, na fedha kidogo uliyonayo uielekeze kwenye tiba ipi. Tena usisubiri jina. Wazazi wengi hukaa mwaka mzima wakitafuta karatasi yenye jina la ugonjwa, na mwaka huo mtoto hafundishwi chochote.

Masikio au usonji

Anza na masikio, hata kama una hakika mtoto anasikia. Wazazi hunijibu, "Mbona anasikia, mlango ukigongwa tu anashtuka." Kuna watoto wanaosikia sauti nzito na kukosa nyembamba. Mlango wanausikia, lakini s, f na t haziwafikii, kwa hiyo maneno kwao ni mvumo usio na maana. Wengine masikio yamejaa maji baada ya mafua ya kila mara: wiki hii wanasikia, wiki ijayo hawasikii. Wapo pia waliopoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya siku za mwanzo, au sindano za antibiotiki ya jentamaisini.

Ukiwatazama kwa makini, tofauti inaonekana. Mtoto asiyesikia hutegemea macho. Anakutazama usoni, anafuata midomo yako, anaonyesha kwa kidole, anaigiza. Akiona ndege angani anakugeukia ahakikishe na wewe umeiona. Mtoto mwenye usonji anaweza kuitwa jina mara tano asigeuke, kisha akatoka mbio chumbani kwa kusikia wimbo wa tangazo analolipenda. Akitaka maji anakushika kifundo cha mkono na kuupeleka kwenye jagi bila kukutazama usoni, mkono wako ukiwa kama kijiko cha kuchotea.

Hata hivyo macho ya mzazi hayatoshi, na mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Nenda kliniki ya masikio, pua na koo, uombe kipimo cha usikivu cha watoto. Kipo cha kifaa kidogo kinachowekwa sikioni kwa dakika chache tu, na kipo kinachofanywa mtoto akiwa amelala, kinachofuata njia ya sauti hadi kwenye ubongo. Ukienda moja kwa moja kwa mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, yule anayemfundisha mtoto kuongea na kuwasiliana, aliye makini atakurudisha huku huku kwanza. Kwa hiyo kama una safari moja tu, hii ndiyo.

Kuchelewa kuongea au usonji

Kwanza tumalize habari ya udata. Ule uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine baadaye kutamka baadhi ya herufi. Haumfanyi akose maneno. Mtoto mwenye udata atasema "mama" vibaya, lakini atasema, na ataelewa ukimtuma alete kandambili. Kumkata mtoto asiye na neno hata moja ni kumuumiza na kupoteza muda. Kimeo vivyo hivyo.

Sasa tofauti yenyewe. Mtoto aliyechelewa kuongea peke yake ana kila kitu isipokuwa maneno. Anaelewa unachomwambia, anaonyesha kidole, anapunga mkono kuaga, anacheza mchezo wa kupika kwa kopo na mchanga na kukupa wewe uonje. Ana mengi ya kusema, kinywa ndicho kimechelewa. Wengi wa watoto hawa huwafikia wenzao, ingawa si wote, ndiyo maana nao wanahitaji kuangaliwa.

Kwenye usonji maneno ni sehemu tu ya yanayokosekana. Hakuna kidole cha kukuonyesha gari linalopita. Mchezo ni wa kupanga vizibo vya soda mstari mmoja ukutani, na ukikisogeza kimoja dunia inavunjika. Kuna kuruka na kupepea mikono akifurahi, kutembea kwa ncha za vidole, kukataa kila chakula isipokuwa wali mkavu, kuziba masikio blenda ikiwashwa. Wapo wanaoongea sana, lakini wanarudia tangazo zima la redio huku hawawezi kusema "nina njaa". Na wapo waliokuwa na maneno kadhaa, kisha kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili yakapotea.

Hilo la mwisho lisikutoke akilini. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, wakati wowote ule, apelekwe hospitali bila kusubiri. Pia mpeleke kama hajaanza kubwabwaja wala kutumia ishara yoyote ya mkono akiwa na miezi 12, kama hana neno hata moja akiwa na miezi 16, au kama haungi maneno mawili yake mwenyewe akiwa na miaka miwili. Kuna dodoso la maswali 20 liitwalo M-CHAT-R, la watoto wa miezi 16 hadi 30, ambalo mzazi anajibu ndiyo au hapana na mhudumu aliyefundishwa anaweza kulitumia bila malipo. Halitoi jina la ugonjwa, linasema tu kama kuna haja ya kuchunguza zaidi.

Jambo jingine linaloniumiza: mama anaambiwa aache Kichaga au Kisukuma nyumbani, eti lugha nyingi zimemchanganya mtoto, azungumze Kiingereza peke yake. Lugha mbili au tatu hazisababishi usonji wala hazimfungi mtoto ulimi. Unapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja. Na mama amsemeshe kwa lugha anayoweza kumbembeleza na kumtania nayo, maana mtoto huyu anahitaji maneno mengi yenye uhai.

Usonji au ADHD

ADHD ni hali ya mtoto kukosa umakini, utulivu, au vyote viwili, kupita kawaida ya umri wake. Hapa ndipo hata walimu wenzangu hukosea. Watoto wote wawili hawatulii darasani, hawasikilizi, wanasimama ovyo, wanafukuzwa shule ya kwanza na ya pili. Ukitazama sababu ya kutosikiliza, wanaachana.

Mtoto mwenye ADHD anataka kucheza na wenzake, tatizo anawaharibia mchezo. Hasubiri zamu, anajibu kabla swali halijaisha, anampokonya mwenzake mpira kisha anashangaa kwa nini amenuniwa. Anajua sheria, mkono unamtangulia. Penseli imepotea asubuhi, daftari mchana, sweta limebaki kwenye daladala. Mabadiliko hayamtishi, anayapenda. Mtoto mwenye usonji huenda hajui kwamba kuna sheria ya zamu, au haoni sababu ya mchezo wenyewe. Akiondoka kwenye kiti ni kwa kuwa feni inapiga kelele, au ratiba imebadilishwa bila kumwandaa. Kazi anayoipenda anaweza kuikalia saa nzima bila kuinua kichwa. (Hata wa ADHD huzama hivyo kwenye katuni au gemu, kwa hiyo usimwondolee ADHD kwa kuwa tu anatulia mbele ya simu.)

ADHD haipimwi kwa damu wala kwa picha ya ubongo. Daktari hutafuta dalili zilizodumu angalau miezi sita, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana mahali pawili au zaidi. Akiwa mtundu shuleni tu na nyumbani ametulia, tazama shule: labda haoni ubaoni, labda anapigwa. Akiwa mtundu nyumbani tu, tazama nyumbani. Mtoto wa miaka miwili anayepanda makabati ni mtoto wa miaka miwili.

Kabla hujakubali jina hilo, ulizia mambo mawili ambayo husahaulika. La kwanza ni usingizi. Mtoto anayekoroma, analala mdomo wazi na kuamka amechoka huenda ana nyama za puani. Mchana anakuwa na vurugu kwa uchovu, na akitibiwa pua anabadilika. La pili ni kifafa cha kuduwaa: mtoto anakata maneno katikati, anakodoa macho sekunde kadhaa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anaandika "hana umakini". Hicho kina dawa yake, na si ya ADHD.

Kuna ADHD isiyo na fujo, na wasichana wengi huipata kwa sura hiyo. Msichana amekaa kimya dirishani, hasumbui mtu, kazi haziishi, anaitwa mvivu mpaka darasa la saba. Usonji nao kwa wasichana hufichika: anamnakili rafiki mmoja kila kitu, kisha jioni anarudi nyumbani na kulipuka.

Kabla ya mwaka 2013 mwongozo mkuu wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili, ule wa Marekani, haukuruhusu mtoto mmoja kuandikiwa usonji na ADHD kwa pamoja. Sasa unaruhusu, na ni kawaida kuviona pamoja. Ukiambiwa mwanao ana vyote viwili, daktari hajachanganyikiwa.

Mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili

Hivi viwili mtaani huwekwa kapu moja, na si haki. Mtindio wa ubongo ni tatizo la misuli na mwendo lililotokana na ubongo kuumia au kutokua vizuri kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Shingo haijakaza mpaka miezi minne, miguu inakakamaa na kupishana ukimnyanyua, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja. Wapo wengi wenye mtindio wa ubongo ambao akili zao hazina tatizo lolote, wamefungiwa ndani ya mwili usiowatii. Ulemavu wa akili ni kuchelewa kwa kila upande kwa pamoja: kukaa, kuongea, kujilisha, kuelewa. Watoto wenye sindromu ya Down wamo humu, na kwao kipimo cha vinasaba kinatoa jibu la hakika: wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili.

Kwa mtindio wa ubongo usisubiri hata wiki. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini misuli isiyonyooshwa hukaza na viungo hupinda. Mlango wake ni fizio, yaani mazoezi ya viungo, na tiba kwa vitendo, inayomzoeza mtoto shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kucheza. Dar es Salaam watu wengi huanzia hospitali ya CCBRT au Muhimbili. Kaskazini huenda hospitali ya KCMC, Moshi, penye chuo kinachofundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo.

Sababu: zinazozuilika na zisizozuilika

Usonji na ADHD hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye vinasaba. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wanaofanana, katika jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za wasiofanana hakukuwa na hata moja. Kabla ya hapo, akina mama wa Marekani na Ulaya waliambiwa watoto wao wamekuwa hivyo kwa kukosa upendo wa mama. Huku kwetu mama anaambiwa amembemenda mtoto. Lawama ni ile ile, na haina ukweli hapa wala kule.

Chanjo pia haihusiki. Makala ya mwaka 1998 iliyoleta hofu hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha, na utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote. Kwa upande mwingine, rubela ikimpata mjamzito inaweza kumwachia mtoto uziwi, tatizo la moyo na hata dalili za usonji. Anayekimbia chanjo ya surua na rubela anakimbia kinga.

Yanayozuilika yako zaidi upande wa mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili, na kwetu ni mengi: mtoto kutolia alipozaliwa, uchungu uliochukua muda mrefu bila msaada, manjano makali, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, ukosefu wa madini joto, pombe wakati wa ujauzito. Mtoto mchanga akiwa wa njano mpaka viganjani na nyayoni, kumwanika jua la asubuhi hakutoshi. Anahitaji taa ya hospitali siku hiyo hiyo. Mwanamke anayetumia valproeti kwa kifafa aongee na daktari kabla ya kushika mimba, wala asiiache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tiba: fedha iende wapi

Kwa usonji hakuna dawa ya kuondoa usonji wenyewe. Risperidoni na aripiprazoli hutumika kupunguza hasira kali na kujiumiza, basi. Kwa ADHD ni tofauti kabisa: methilifenideti hufanya kazi kwa watoto wengi, tena ndani ya saa moja. Inaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo mtoto hupimwa uzito, urefu na mapigo ya moyo, na dawa yenyewe huandikwa na daktari bingwa pekee. Kwa walio chini ya miaka sita, mafunzo ya mzazi hutangulia dawa. Ninawaona wazazi wakiikataa dawa ya ADHD kwa woga na papo hapo wakinunua matone ya "kuponya usonji" kwenye simu. Ni kinyume cha ushahidi.

Kati ya tiba ya mazungumzo na tiba kwa vitendo, chagua kwa kinachomzuia mtoto leo. Anayelia kila akiguswa na maji, asiyelala, asiyeweza kukaa dakika mbili, atafaidika kuanza na tiba kwa vitendo. Aliyetulia kiasi lakini hana njia ya kuomba kitu, aanze na mazungumzo. Njia ya kuomba si lazima iwe sauti. Kata picha za maji, choo, chakula na nje, zibandike kwenye kadi ngumu, zitundike usawa wa macho yake. Akikupa picha ya maji, mpe maji sekunde hiyo hiyo na useme "maji". Picha hazimzuii mtoto kuongea. Nimeona kelele za asubuhi zikipungua nusu kwa kadi nne tu.

Mimi nampima mtaalamu kwa jambo moja: anakuruhusu uingie chumbani na kukufundisha cha kufanya nyumbani? Anayemchukua mtoto dakika arobaini, anafunga mlango na kumrudisha na risiti, mwache, hata awe maarufu. Mtoto anakaa naye saa moja kwa wiki, na wewe saa zilizobaki. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa, vikao tisa vya kundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa. Ulizia kama yanatolewa karibu na unapoishi. Kwa familia isiyo na fedha, mafunzo ya namna hii nayaona bora kuliko kliniki ya ghali ya mara moja kwa mwezi.

Mafunzo ya tabia yanayotumia fimbo, kufungiwa chumbani au kunyimwa chakula, toka siku hiyo hiyo. Kataa pia kuchanjwa chale, kuchomwa, kupandikizwa seli shina nje ya nchi kwa mamilioni, na yale maji ya klorini yanayouzwa kama tiba ya usonji; mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba kuyanywa ni sawa na kunywa dawa ya kung'arishia nguo. Dua na sala ziendelee kwa imani yako, sambamba na kliniki.

Siku ya kumwona daktari, nenda na video. Mtoto hatafanya mbele ya daktari yale anayofanya nyumbani. Mrekodi akila, akicheza peke yake, akiitwa jina, na akipatwa na hasira. Chukua kadi ya kliniki na uandike miezi aliyokaa, aliyotembea na aliyosema neno la kwanza.

Shule

Kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya msingi ya serikali kina walimu waliosomea na watoto wachache, na ni karibu na watoto wengine wakati wa mapumziko. Kwa mtoto asiyeongea au asiyejihudumia, naanza na kitengo. Darasa la kawaida linamfaa zaidi mwenye ADHD na mwenye usonji anayeelewa masomo, ilimradi mwalimu akubali kumkalisha mbele, kumpa maelekezo mafupi na kumruhusu atoke kidogo. Darasa la watoto tisini bila msaidizi si elimu jumuishi, hata bango la getini liseme nini. Kenya, njia ya kuanzia ni vituo vya upimaji vya EARC, vilivyopo tangu mwaka 1984. Tanzania muone ofisa elimu maalumu wa halmashauri yako.

Bweni liwe la mwisho kabisa kwa mtoto asiyeweza kusimulia siku yake. Iwe bweni au kutwa, kabla ya kulipa ada omba uingie darasani wakati wa masomo, siku ambayo hawakutarajii. Tazama kama watoto wana kazi mikononi au wamekalishwa mbele ya televisheni. Uliza mwalimu mmoja ana watoto wangapi, nani anawalisha, na nani anawapeleka chooni.